Nesi Hainite Lolohea na Wanafunzi Walioitwa Watoro

Nesi Hainite Lolohea, mwalimu mkuu wa mafunzo ya vitendo katika Chuo cha Afya cha Lotolelei, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, baada ya kukitumikia chuo chetu miaka ishirini na sita. Kabla ya hapo alikuwa muuguzi wa wodi hapa Nukualofa, na kabla ya hapo tena alikaa kwenye zahanati ya kisiwa kidogo huko Haapai, peke yake, akizalisha, akishona vidonda na kugombana na watu wasiochemsha maji.

Mwenyewe ndiye aliyetaka wasifu huu usiandikwe na ofisi. "Ofisi itaandika vizuri sana," alisema, "na ukimaliza kusoma hujui umesoma nini. Mwambieni Silongo wa jikoni." Basi ndio mimi. Binti yangu Fusi amenisahihishia herufi kwa simu, lakini maneno ni yangu, na atakayechukia anifuate mimi jikoni, asimsumbue nesi.

Alipofika hapa chuo kilikuwa chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa kanisa. Wanafunzi kumi na wawili, kitanda kimoja chenye kutu, na mwanasesere mkubwa wa mafunzo aliyeletwa na meli kutoka New Zealand akiwa hana mkono wa kushoto. Nesi akampa jina, Mzee Maka, akamvisha shati, na akatoa amri kwamba hakuna kumgusa Mzee Maka kichwani bila kusema "tulou" kwanza, kama tunavyomtaka radhi mtu yeyote mkubwa kabla mkono haujafika kichwani pake. Aliyesahau alianza somo upya, tangu kunawa mikono. Wanafunzi wakicheka, yeye hacheki. Kuna kijana mmoja alimwambia, "Nesi, huyu ni plastiki." Nesi akamjibu, "Na wewe ukizoea kumshika plastiki bila adabu, baba yangu utamshika vipi?" Kijana yule leo anawatunza wazee Brisbane, na anasimulia kwamba wazungu wa kule wanamuuliza hilo neno tulou maana yake nini, na wengine wao sasa wanalisema wenyewe.

Wanafunzi wake wa zamani wanatuandikia sana. Mmoja alituma picha ya bibi mmoja wa Auckland aliyekuwa hataki kuogeshwa na mtu mwingine yeyote, anangoja zamu ya huyo mwanafunzi wetu tu. Nesi aliibandika picha hiyo ukutani jikoni kwangu badala ya ofisini. Nilipomuuliza kwa nini, alisema ofisini ingewekewa fremu na bei.

Maana bei ndiyo imekuwa wimbo wetu. Miaka ya kwanza ada ilikuwa kitu cha mtu kujikaza kidogo akalipa. Sasa ni paanga elfu nne na mia tano kwa mwaka, na sare juu yake, na viatu vyeupe vinavyouzwa dukani kwa ofisi tu. Nataka wajumbe wa bodi wanaosoma hapa wajue kwamba kwa mama wa Tonga hizo si fedha, ni mgongo. Ni mama kainama juu ya mkeka miezi na miezi, anachana majani na kuyasuka mpaka akisimama hanyooki. Ni kaka yake huko Queensland anang'oa viazi vya mzungu juani, anatuma nusu ya alichopata. Ni sadaka ya kanisa iliyopunguzwa kwa aibu, mtu anaimba huku anatazama chini. Wazazi wanalipa kwa sababu bango la barabarani linasema wahitimu tisini na wawili kati ya kila mia wanapata kazi. Mimi naliona bango hilo kila asubuhi nikija kazini, na ng'ambo ya pili ya barabara namwona Lupe, mhitimu wetu wa mwaka juzi, akiuza ndizi za kukaanga. Nimeambiwa Lupe naye yumo katika wale tisini na wawili. Eti amejiajiri katika huduma.

Bango hilo lilikuja na mkurugenzi wetu, Bwana Feleti Mahe, aliporudi kutoka ng'ambo miaka mitatu iliyopita. Simsemi kwa siri, atakuwa amekaa mbele siku ya sherehe na wasifu huu anao mkononi. Bwana Feleti alikuta wanafunzi arobaini, akataka mia na ishirini, na akawapata. Majengo hayakuongezeka. Walimu hawakuongezeka. Kilichoongezeka ni foleni kwenye birika langu la chai. Nesi Hainite alipelekwa hospitalini kuwasimamia wanafunzi wa mwaka wa pili wodini, na hapa chuoni akaletwa kijana mpole kutoka Adelaide awafundishe wa mwaka wa kwanza.

Sasa sikilizeni. Tangu chuo kianze, masomo ya kuogesha na kubadilisha wagonjwa yalifanywa katika vyumba viwili. Wasichana huku, wavulana kule. Hakuna aliyewahi kuandika sababu, kwa kuwa hakuna aliyehitaji kuandikiwa. Bwana Feleti akaona vyumba viwili ni umeme wa vyumba viwili na walimu wawili, akatoa ukuta wa mbao, akafanya chumba kimoja kikubwa. Yule kijana wa Adelaide angejuaje. Kwao hakuna shida.

Ilipofika zamu ya somo la kuogesha, wanafunzi wakaanza kupotea.

Mmoja wao alikuwa Fusi wangu. Nitaeleza habari yake tu, maana ndiyo ninayoijua, na wazazi wengine wana zao. Asubuhi anavaa sare, anasuka nywele, ananiaga. Naamini yuko darasani. Siku moja napeleka vikombe ofisini, nakuta karatasi mlangoni: wafuatao wameacha masomo kwa hiari yao, ada hairudishwi. Jina la Fusi limo. Na jina la Kitione, mtoto wa dada yangu marehemu, niliyemlea mimi, naye limo.

Nilirudi nyumbani moja kwa moja.

"Fusi, una mimba?"

"Hapana, mama."

"Kuna mwanamume?"

"Hapana."

"Umemwibia mtu? Umegombana na mwalimu? Masomo yamekushinda? Sema, mwanangu, hata kama ni baya kiasi gani, mimi ndiye niliyekuzaa."

Akaendelea kukwangua muhogo. Nikamgeukia Kitione, akatoka nje akaenda kupasua kuni ambazo zilishapasuliwa. Usiku sikulala. Mama mwenye mtoto asiyesema huwaza yote. Niliwaza ugonjwa, niliwaza bahari, niliwaza mambo ambayo hata hapa siyaandiki.

Na ofisini wakasema ni uvivu. Bwana Feleti aliliambia kanisa zima Jumapili, wakati wa matangazo, kwamba vijana wa siku hizi hawana moyo wa kazi ngumu, wanataka cheti bila jasho. Nilikuwa nimekaa safu ya nne. Watu waligeuka wakanitazama mimi na watoto wangu, na mimi nikatazama kitabu cha nyimbo. Huku nafasi za hao wavivu zilikwisha kuuzwa kwa wengine. Ada ya Fusi imeliwa, na juu ya kiti chake kuna mwingine amelipa ada. Kiti kimoja, malipo mawili. Hata mimi niliyeishia darasa la sita naona hapo kuna mtu anafaidika na watoto wangu kutokuwepo.

Aliyelifumbua jambo hili ni Nesi Hainite. Alitoka wodini akapita jikoni kunywa chai, akanikuta nalia juu ya sufuria ya majani ya magimbi.

"Ukiongeza chumvi nyingine hapo hatutakula," alisema. "Una nini?"

Nikamwambia. Akaniuliza swali moja tu. "Fusi alikuwa darasa moja na nani?"

"Na watu wengi. Na Kitione."

"Siulizi shule. Nauliza chumba. Chumba cha Mzee Maka."

"Wavulana wana chumba chao, nesi."

"Ukuta umetolewa, Silongo. Hukusikia nyundo?"

Nyundo nilizisikia. Nilidhani wanatengeneza ofisi, kama kawaida.

Nalisema hili wazi kwa ajili ya wajumbe walioishi ng'ambo mpaka wakasahau. Kwetu kaka na dada hawakai chumba kimoja panapotajwa mwili. Hawatazami sinema ya mapenzi pamoja, hawataniani juu ya nguo za ndani, hawalali chini ya paa moja wakishakua. Na kaka si wa tumbo moja tu. Mtoto wa mama mdogo ni kaka. Mtoto wa mjomba ni kaka. Katika kijiji kimoja msichana anaweza kuwa na kaka ishirini, na wanne kati yao wakawa darasani kwake. Mtoto wa Tonga hafundishwi hili na mtu. Analinyonya.

Kumbe ilikuwa hivi. Siku ya kwanza ya somo, Fusi alimwona Kitione anaingia, akatoka. Kitione alimwona anatoka, akaelewa, akaona haya kwamba amemfukuza dada yake darasani. Kesho yake Kitione hakwenda, ili Fusi asome. Lakini Fusi naye hakwenda, ili Kitione asome. Na keshokutwa vivyo hivyo. Mmoja amekaa ukutani bandarini, mwingine amekaa nyuma ya kanisa, kila mmoja akiamini mwenzake yuko ndani anajifunza kwa ajili ya nyumba nzima. Na hakuna kati yao aliyeweza kumuuliza mwenzake, wala kuniambia mimi, kwa sababu kulisema ni sawa na kulifanya. Hao ndio wavivu wa Bwana Feleti. Kila mmoja alitupa cheti chake ili mwingine akipate, na chuo kikachukua ada zote mbili.

Nesi Hainite aliondoka jikoni chai haijaguswa, akaenda moja kwa moja ofisini. Lakini hapo nanyi mnaona tatizo, wale mnaojua ukoo wao. Mama yake Feleti na baba yake Hainite walizaliwa tumbo moja. Hainite ni dada. Feleti ni kaka. Mambo ya mishahara na ratiba wanayazungumza, lakini jambo hili hasa hawezi kulitamka mbele yake.

Alijaribu kuzunguka. Mlango ulikuwa wazi na mimi nilikuwa nadeki ukumbini.

"Kaka, kile chumba cha mazoezi. Kirudishiwe ukuta."

"Kwa nini, dada?"

"Kuna mambo ya wavulana na wasichana."

"Ng'ambo wote wanasoma pamoja. Wagonjwa watakaowahudumia nao ni wanaume kwa wanawake. Wazoee mapema."

"Si wagonjwa, kaka. Ni kusoma pamoja."

"Nieleze basi, nipate kuelewa."

Nesi Hainite, mwanamke ambaye daktari bingwa humpisha mlangoni, alisimama pale mdomo kaufumba. Akaaga akatoka. Alipita mbele yangu uso umemwiva kama aliyetukanwa. Na Bwana Feleti, namtendea haki, sidhani alikuwa anamchezea. Alikuwa amesahau kweli. Mtu akivaa tai muda mrefu husahau vitu.

Bodi ilikutana mwezi uliofuata. Mwenyekiti wetu ni Bi Melenaite Vea, mjane wa mchungaji, mama wa maneno machache na fimbo. Mimi nilikuwa napitisha chai na mikate. Bwana Feleti alisoma taarifa yake: udahili umepanda, mapato yamepanda, watoro wapo lakini ni kawaida ya vijana. Akapigiwa makofi. Nesi Hainite akanyoosha mkono, akaomba bodi ione somo moja la mwaka wa kwanza, somo lenyewe ambalo vijana wanalikimbia, ili ijue ugumu wake uko wapi. Bi Melenaite akasema, "Haya."

Nesi akaingia anasukuma kitanda cha magurudumu. Mzee Maka kalala juu yake, kafunikwa shuka mpaka kidevuni, shati lake limepigwa pasi. Akanawa mikono. "Tulou," akasema, akaanza na uso. Macho, masikio, shingo. Anaeleza kwa sauti ile ile ya darasani. Wajumbe wanatikisa vichwa, wamependa. Akaosha mkono mmoja uliopo. Bwana Feleti alikuwa bado anatazama karatasi zake, lakini niliona ukurasa haugeuki.

"Sasa," akasema Nesi Hainite, "tunafunua shuka kutoka kifuani, na tunamweleza mgonjwa tutakapoosha. Tunapofika chini ya kiuno, mwanafunzi lazima ajue mambo matatu. La kwanza..."

Kiti kikakwaruza sakafu. Bwana Feleti alikuwa amekwisha kusimama. Hakumtazama mtu. Alitoka upesi, tai inapepea, akaenda akasimama nje karibu na tangi la maji, ametupa mgongo.

Bi Melenaite akaweka kikombe chini. "Mkurugenzi kaenda wapi?"

Nesi Hainite hakuinua macho kutoka kwa Mzee Maka. "Kaenda walikokwenda wanafunzi wake, mama."

Mjumbe mmoja mzee, aliyefanya kazi mahakamani zamani, akajifunika uso kwa mikono. Mimi birika lilinielemea nikalitua.

"Muiteni arudi," akasema Bi Melenaite.

"Hatarudi mpaka nimfunike mgonjwa. Mimi ni dada yake."

"Na wewe ulijua atatoka."

"Nilijua nitamwaibisha, na nitajiaibisha mwenyewe. Nilikuwa sina njia nyingine ya kulisema." Akavuta shuka polepole mpaka kidevuni. "Bwana Feleti ameondoka kikaoni bila ruhusa. Tumwandike mlangoni kwamba ameacha kazi kwa hiari yake? Mshahara wake apewe mwingine?"

"Inatosha, Hainite," akasema Bi Melenaite, lakini kwa upole.

Watu wa chuo wanapenda kuisimulia habari hii kwa kicheko, na kweli inachekesha. Mimi sicheki sana, kwa sababu nilimwona baada ya hapo. Alikuja jikoni akakaa kwenye kigoda changu, nikampa kikombe akakiweka chini. Alikuwa ametamka mbele ya kaka yake kitu ambacho mama yake angemkana kwacho. Wiki nyingi hakuhudhuria ibada ya asubuhi ili asikae mahali Feleti amekaa. Mkeka wa heshima alioachiwa na nyanya yake aliupeleka nyumbani kwa Feleti kuomba radhi, na Feleti, namsifu kwa hili moja, alishuka ngazi akaupokea mwenyewe na machozi.

Ukuta ukarudi ndani ya siku chache. Fusi na Kitione wakarudi darasani, maana ofisi haikuthubutu kunidai ada ya pili mimi ninayewapikia, na kila mmoja akasoma upande wake, wakamaliza. Fusi yuko kwenye nyumba ya wazee Bundaberg, Kitione yuko wodi ya mifupa hapa mjini. Hao wahesabiwe kwenye bango, siwakatazi.

Lakini si wote waliorudi. Wako wanane ambao ofisi iliwaambia wanakaribishwa, walipe ada upya. Upya. Kwa kosa la nani? Mama wa mmoja wao aliniuliza kama nadhani mgongo unaota mara ya pili. Ada yao ya kwanza imo humu chuoni, sijui ni kiyoyozi cha ofisi au ni bango lenyewe. Na juzi nimesikia wahasibu wakisema mwakani wanafunzi watakuwa mia na hamsini, na kwamba ukuta wa mbao unakula nafasi. Wanangoja nesi ageuze mgongo.

Wafanyakazi tulipomuuliza Nesi Hainite anataka zawadi gani ya kuagwa, tulikuwa tumefikiria kitanda kizuri au mashine ya kufulia. Alisema hataki kitu. Anataka wale wanane waalikwe kwenye sherehe, wakae safu ya mbele pamoja na wageni wa heshima, na bodi itamke mbele ya watu kwamba Februari wataingia darasani bila kulipa tena, na kwamba ukuta hautaguswa. Bodi imekubali wakae mbele. Juu ya mengine imesema itayatazama.

Basi na mimi nina la kusema, kwa kuwa karatasi hii iko mkononi mwangu. Chakula cha Ijumaa kiko chini yangu. Nguruwe wanne, viazi vikuu, magimbi, na majani na nyama katika tui, vyote vitakuwa chini ya udongo katika tanuri la shimoni tangu alfajiri. Hotuba zikiisha, watu watageukia nyuma ya ukumbi kama kawaida. Tanuri halitafunuliwa. Wanawake wote wa jikoni tumekubaliana, na wapasua kuni pia. Mama za wale wanane watakuwa wamekaa juu ya magunia yaliyofunika udongo, na ni wanawake wazito. Bi Melenaite akishasimama na kutamka jambo ambalo bodi inalitazama, tutafukua. Kama bado linatazamwa, litazamwe kwa njaa.

Nesi Hainite Lolohea, umetufundishia watoto wetu na umebeba aibu isiyokuwa yako ili yao iondoke. Chuo hakikulipi hicho, na sisi hatuna cha kukulipa. Asante kwa Fusi, asante kwa Kitione. Mungu akupe miaka mingi yenye usingizi mzuri, bustani isiyo na nguruwe wa jirani, na wajukuu wa kukusumbua. Uishi vyema, nesi wetu. Siku hiyo usiinuke kutusaidia kwa lolote. Kaa pale mbele na wanafunzi wako wanane, na sahani yako ya kwanza nitakuletea mimi mwenyewe, ikiwa ya moto au ikiwa imechelewa.

Silongo Taufa, jikoni